Jibu: Sukari ya asubuhi haishuki, mimba ya wiki 29

Pole mama kijacho. Unasema mchana uko sawa, ila ukiamka kabla hujala kipimo cha sukari kinasoma 6.1 mmol/L. Kisukari cha mimba kilinitesa hivyo hivyo kwenye mimba yangu ya pili. Kwanza, unanawa mikono kabla ya kujitoboa? Mie kidole chenye utomvu wa embe kilinidanganya 9! Usiku nilipunguza ugali ukawa wa ngumi moja, mchicha na dagaa tele, kisha natembea dakika 15. Za mchana zikatulia, ya alfajiri ikagoma. Homoni za kondo la nyuma (placenta) huipandisha hata ukilala njaa, kwa hiyo usijinyime. Lengo kabla hujala asubuhi ni chini ya 5.3. Peleka daftari la vipimo vyako kliniki wiki hii, usingoje tarehe. Mimi nilianzishiwa insulini ya usiku, nayo haivuki kondo kumfikia mtoto. Sitataja dozi yangu, yako ataipanga daktari.