Fizi imepanda jino limekuwa refu, eti wanakata nyama kwenye kaakaa?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni mdada wa miaka 33 nipo Usa River, nimezaliwa na kukulia huku huku kwahiyo meno yangu ni yale ya kahawia ya kwetu, mnayajua. Tangu sekondari nayasugua na mkaa wa kutwanga na mswaki mgumu angalau nikicheka nisizibe mdomo na mkono. Sasa chonge la juu kushoto fizi imepanda, jino limekuwa refu kama la farasi na nikinywa maji ya baridi linatia ganzi mpaka sikioni. Nimeenda kwa daktari wa meno mjini akasema nipandikizwe fizi, yaani wakate nyama kwenye kaakaa waje washonee kwenye jino! Niliaga nikaondoka. Hivi kitu hicho kipo kweli au nilitaka kupigwa hela? Na nikikubali nitakula nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukutaka kupigwa, kitu hicho kipo na kimefanyika miaka mingi tu duniani. Ila kabla ya kaakaa tuongee kwanza huo mkaa.

Ile kahawia inatokana na floridi (madini) ya maji yetu ya huku Meru na Kilimanjaro, miamba ya volkano ndiyo inayoyatia, na iliingia kwenye meno yako wakati bado yanatengenezeka ndani ya taya ukiwa mtoto mdogo. Rangi imo ndani ya jino lenyewe, haijakaa juu kama matope kwenye kiatu, kwahiyo ulichokuwa unakwangua miaka yote hiyo ni fizi na jino lenyewe. Na chonge ndiyo linaumia kwanza kwa sababu limekaa kwenye kona, mfupa wake wa mbele ni mwembamba, halafu nakuhisi unatumia mkono wa kulia maana watu wa mkono wa kulia mara nyingi huchubuka upande wa kushoto. Angalia mswaki wako, kama nywele zimelala pembeni kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe basi jibu unalo. (Na kama una watoto hapo nyumbani, kuchemsha maji hakuondoi floridi, yakipungua kwenye sufuria inabaki imekolea zaidi. Magadi kwenye maharage nayo punguza.)

Sasa upasuaji. Fizi ikishapanda hairudi chini yenyewe hata usukutue na nini. Anachofanya daktari ni kukuchoma ganzi, anausafisha mzizi ulio wazi, anailegeza fizi ya hapo kidogo, halafu anaenda kwenye kaakaa usawa wa magego madogo anafungua kama kamfuko na kutoa kipande cha nyama ya chini ya ngozi, chembamba, milimita 1 mpaka 2 tu unene wake. Anakipachika juu ya mzizi, anaishusha fizi ikifunike, anashona na uzi mwembamba, kaakaa nako anakufunga. Ukiwa na ganzi utasikia kuvutwa vutwa tu, na nisikufiche, watu wengi wanasema baadaye kinachouma zaidi ni kaakaa kuliko hapo penye jino. Wengine badala ya nyama yako wanatumia kolajeni (utando wa protini) ya kiwandani ambayo nyingine inatokana na nguruwe, kwahiyo kama dini yako ina neno na hilo sema mapema kabla hujalala kwenye kiti.

Siku 2 au 3 za kwanza kile kipande hakina mishipa ya damu, kinaishi kwa unyevunyevu wa nyama iliyokizunguka mpaka mishipa mipya ikifikie, kikichezeshwa hapo kinakufa. Na kinachokichezesha ni wewe na kioo! Kila mtu anataka kuvuta mdomo juu aone kimefikia wapi, akimaliza anamuonyesha jirani. Usivute. Usipige mswaki hapo kama wiki 2 hivi mpaka daktari akuruhusu, atakupa dawa ya kusukutua ya klorheksidini, nayo inaacha rangi ya kahawia kwenye meno (najua, utanichukia) ila hiyo inasafishika. Nyuzi zinatolewa karibu na wiki 2. Sigara na ugoro hapana kabisa.

Kula? Uko nyumbani kwa chakula laini bwana. Mtori uliopoa, loshoro, uji, ndizi zilizopondwa, tafunia upande wa pili. Pilipili, bisi, na chai ya moto ya asubuhi ile, subiri kwanza.

Lakini muulize daktari mambo mawili. Mfupa wa katikati ya meno upo bado? Kama upo, mzizi unaweza kufunikwa wote au karibu wote, kama umeliwa utafunikwa nusu, ujue mapema usije ukalia. La pili, kuna ulazima? Kama fizi haiendelei kupanda na shida ni ile ganzi ya maji ya baridi tu, mswaki laini na dawa ya meno ya kupunguza ganzi vinaweza kukutosha. Bei zinatofautiana, omba uandikiwe yote kwenye karatasi, nyuzi na marudio vikiwemo. Ukitaka maoni ya pili, hospitali ya KCMC hapo Moshi sio mbali na wewe. Ila ukipandikizwa halafu ukarudi kwenye mkaa, fizi mpya nayo itapanda.

SWALI: Dokta, mzee wangu wa Kibosho ana kisukari, meno ya mbele yanacheza na fizi zimeshuka zote zinatoka damu. Naye apandikizwe?

JIBU: Hapana, sio sasa. Huyo ni ugonjwa wa fizi, mfupa unaliwa, ukipandikiza juu ya uchafu na usaha umetupa hela. Aanze kwa kukwanguliwa ugaga mpaka chini ya fizi, na sukari ishushwe kwa sababu sukari ikiwa juu fizi haziponi vizuri. Na mwambie asiache kupiga mswaki kisa damu. Baada ya miezi kama 3 apimwe tena ndiyo tuongee.