Maswali ya Wasomaji: Mvinyo wa Dodoma, Wanzuki wa Tabora na Jua la Ipuli

Tangu maonyesho ya wakulima ya Nane Nane yamalizike katika viwanja vya Ipuli hapa Tabora, ambako mwaka huu wauza mvinyo kutoka Dodoma na wafugaji nyuki wa mkoa wetu walipangiwa meza zinazokaribiana, nimepokea maswali mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Nimechagua machache. Waliouliza ni wapi panapopatikana mvinyo wa bei ya chini kabisa watanisamehe, kwa kuwa swali hilo halihitaji mwandishi.

*Katika meza moja pale Ipuli nilionjeshwa mvinyo wa aina tatu. Ule mtamu ulinipendeza sana, lakini ile mingine miwili ilikuwa michungu. Je, ilikuwa imeharibika?* (Msomaji wa Isevya, Tabora)

Haikuwa imeharibika, mama yangu. Wewe ndiye uliyeonjeshwa kwa mpangilio mbaya. Ukianza na mvinyo wenye sukari, ulimi wako hukataa kila kinachofuata, kama vile chai iliyokolea sukari inavyolifanya chungwa tamu lionekane chachu. Mwonjeshaji anayejua kazi yake humwanzisha mgeni na mvinyo mweupe mkavu, akaja kwenye mwekundu, na ule mtamu akauacha hadi mwisho. Nilisimama karibu na meza hiyo kwa muda mrefu, nikaona kila mteja akianzishwa na mtamu kwa sababu ndio unaouzika haraka.

Tena, neno “mchungu” tunalitumia kwa mambo matatu yasiyofanana. Upo uchungu wenyewe, kama wa mwarobaini. Upo ugwadu, yaani ule uchachu unaoufanya mdomo ujae mate, kama wa ukwaju au embe bichi, na mvinyo mweupe ukiukosa huwa kama maji yaliyolala. Halafu upo ukakasi, ule unaokausha ufizi na kuukwaruza ulimi kama unavyokwaruzwa na bibo la korosho au ndizi mbichi. Ukakasi wa mvinyo mwekundu hutoka katika maganda na mbegu za zabibu, kwa kuwa mvinyo huo huchachushwa pamoja na maganda yake, ilhali kwa mweupe juisi hukamuliwa kwanza na maganda yakatengwa. Na mvinyo kuwa mkavu maana yake ni kwamba hamira imekula sukari karibu yote ya zabibu na kuigeuza kuwa kilevi na hewa ya kaboni. Unywe ule mwekundu pamoja na nyama ya mbuzi yenye mafuta, kisha uniandikie tena.

*Mvinyo mwekundu unywewe wa baridi au wa moto wa kawaida? Kwenye chupa wameandika “joto la chumba”.* (Kijana wa Cheyo, Tabora)

Swali hili nimelijibu mara tatu katika safu hii na sasa ninalijibu kwa mara ya nne, nikiomba iwe ya mwisho. Chumba kinachosemwa hapo ni chumba cha Ulaya ya zamani, chenye kuta nene za mawe na nyuzi joto 16 hadi 18. Chumba cha Tabora chenye bati na kisicho na dari, saa nane mchana mwezi wa Oktoba, hupita nyuzi 30 bila kuomba ruhusa. Weka chupa nyekundu katika jokofu kwa nusu saa kabla ya kuifungua. Mweupe uuache humo kwa saa mbili au zaidi, ufikie nyuzi 8 hadi 12. Barafu usiitie ndani ya glasi hata kama umeona wakubwa wakifanya hivyo, maana umenunua mvinyo na unajimwagia maji.

Kwa kuwa umenichokoza, niseme la pili. Pale Ipuli niliona chupa ya mvinyo mweupe imesimamishwa ukingoni mwa meza, juani, kuanzia saa nne asubuhi hadi adhuhuri, lebo yake imeanza kujikunja pembeni, na wateja wakimiminiwa humo katika vikombe vya plastiki vya kutupa, vilaini kiasi kwamba ukivishika vinabonyea. Mvinyo wa moto hutoa harufu ya kilevi tu, harufu ya tunda ikazimika, na mtu akiondoka hapo atawaambia jirani zake kwamba mvinyo wa Dodoma ni mkali. Mimi mwenyewe si mtakatifu katika jambo hili. Mwaka mmoja nilinunua chupa mbili nikiwa safarini Dodoma, nikazipandisha basi la Tabora, na utingo akanitafutia nafasi nzuri karibu na injini. Nilipofika nyumbani kizibo cha chupa moja kilikuwa kimesukumwa juu kama kidole gumba, na mvinyo wenyewe ulikuwa na ladha ya zabibu zilizopikwa. Mkinunua, chupa ikae miguuni penu, ndani ya kikapu, imezungushiwa kanga iliyoloweshwa.

*Kwa nini sisi wa Kigoma, wenye ziwa na ardhi yenye rutuba, tusilime zabibu na kutengeneza mvinyo wetu kuliko kununua wa Dodoma?* (Mwalimu, Kasulu)

Mwalimu, kinachowazuia ndicho hicho mnachojivunia. Mzabibu haupendi kubembelezwa kwa mvua. Dodoma hupata milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka, na kiangazi chake ni kirefu na kikavu hasa. Tabora hupata karibu 900 au zaidi, na Kigoma hukaribia 1,000. Kwa mwinuko Tabora na Kasulu zimepishana kidogo tu na Dodoma, kwa kuwa zote ziko juu ya mita 1,000, kwa hiyo tatizo si joto. Tatizo ni unyevu unaokaa juu ya majani na vichala, kwani humo ndimo magonjwa ya ukungu kama ubwiri vinyoya yanapozaliana, na mkulima asiyepulizia dawa kwa ratiba hupoteza mavuno akiyatazama.

Jambo la pekee la Dodoma, ambalo wauzaji hawakulisema hata mara moja pale Ipuli ingawa lingewauzia kuliko vipeperushi vyote vile, ni kwamba wanavuna mara mbili kwa mwaka. Huko Ulaya mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi, ukaamka majira ya kuchipua na kuzaa mara moja. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogolea: akikata matawi, mti huchipua upya, na baada ya miezi minne hivi zabibu huwa tayari. Kwa hiyo yapo mavuno ya karibu na mwezi Machi, yanayokutana na mvua, na yapo ya Agosti na Septemba, yanayoiva katika ukavu. Zabibu zilizoiva katika ukavu hazipati maji ya mvua ya kuzivimbisha dakika za mwisho, hivyo sukari na ladha yake hukolea zaidi. Muulize muuzaji chupa yake ni ya mavuno yapi. Wengi watakukodolea macho, lakini wakiulizwa na watu hamsini watajifunza.

Aina za zabibu nazo zina majina, msiridhike kuambiwa “nyekundu” na “nyeupe”. Ipo nyekundu inayobeba jina la Makutupora, mahali palipo na kituo cha utafiti wa zabibu hapo Dodoma. Upo mweupe wa Chenin Blanc, ambao ndio wenye ugwadu mzuri niliousifu hapo juu. Upo pia mwekundu wa Syrah. Onja kwa jina, nawe utakumbuka.

*Mvinyo wa choya ni mvinyo kweli?* (Msomaji wa Nzega)

Ni kinywaji kizuri kilichochachushwa kutokana na maua ya choya, cha rangi ya kupendeza, lakini zabibu hazimo. Kanisa Katoliki, ambalo wamisionari wake ndio walioipanda mizabibu ya Bihawana pale Dodoma wakitaka divai ya misa, lina sheria inayodai divai hiyo iwe ya asili na itokane na tunda la mzabibu. Hata padri mkarimu kiasi gani hawezi kukukubalia choya altareni. Kwa mezani pako, kunywa, ila chupa iseme “choya” kwa herufi kubwa kama zile za neno “mvinyo”.

*Mvinyo mwekundu unaongeza damu?* (Wasomaji wanne tofauti)

Hapana. Rangi isiwadanganye. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwezi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na anayeinywa ainywe kwa kuwa anaipenda, asijidai kuwa yuko kliniki. Mjamzito asiinywe kabisa, na mwenye upungufu wa damu aende akapimwe. Na kwa kuwa tuko hapo: mtu aliyezunguka meza sita za kuonja amekunywa, hata kama hakununua kitu, kwa hiyo asipande pikipiki yake kurudi nyumbani.

*Wazee wetu wa Unyamwezi walitengeneza wanzuki miaka yote. Kwa nini hautiwi katika chupa na kuuzwa kama mvinyo wa Dodoma?* (Msomaji wa Sikonge)

Ahsante, ndugu yangu. Nilikuwa nimekaa nikisubiri mtu aulize.

Wanzuki, yaani pombe yetu ya asali, haukai katika chupa kwa sababu bado uko njiani. Asali iliyoiva ina maji asilimia 17 au 18 hivi, na katika uzito huo hamira haiwezi kufanya kazi. Ukiongeza maji, inaamka. Wanawake wa kwetu walichukua masega yaliyokwisha kukamuliwa, wakayaosha kwa maji ya uvuguvugu ili asali iliyobaki isipotee, wakayaweka mahali penye joto, na baada ya siku chache wakapata kinywaji chenye povu kinachopaswa kunywewa siku hiyo au ya pili yake. Ukikifunga katika chupa wakati kingali kinachemka, hewa hukosa pa kutokea na chupa hupasuka. Wapo wanaofanya hivyo, na yupo mmoja ninayemfahamu mwenye kovu.

Mvinyo wa asali ni jambo jingine, ingawa mama yao ni mmoja. Huo unaachwa uchachuke hadi mwisho, kwa majuma, halafu unatengwa na mashapo yake na kukaa miezi hadi utulie. Unahitaji vyombo safi vyenye mfuniko unaotoa hewa bila kuingiza, subira, na asali yenyewe, si sukari iliyotiwa rangi. Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Siku hizi kuna wanaouita wanzuki kinywaji ambacho hakijawahi kumwona nyuki, kimetengenezwa kwa sukari ya dukani, na wanaokinywa wanadhani ndio urithi wa babu zao. Wengine wanachanganya na gongo ili kikamate haraka. Gongo ni haramu kisheria na imekwisha kuua na kupofusha watu katika nchi hii. Kinywaji cha kienyeji kinachokuunguza koo kama moto, kiteme.

Tunacho tunachoweza kujivunia kuliko zabibu. Msitu wetu wa miombo haupo Dodoma. Katika meza ya kikundi kimoja kilichotoka upande wako wa Sikonge nilimkuta mzee aliyekuwa na mitungi mitano ya asali, ya rangi kuanzia ile ya mafuta ya kupikia hadi ile ya chai ya rangi. Alikuwa akichovya kijiti, ananusa kwanza, halafu anakilamba kwa upande mmoja wa ulimi. Mtungi wa pili akasema, “Hii ya mtundu,” akitaja mmoja wa miti ya miombo. Wa nne akasita, akauchovya tena, akasema ni ya muba, mti mwingine wa miombo, lakini imelinwa kwa moto mwingi, kwa kuwa moshi umebaki. Nilionja nami nikaukuta moshi huo nyuma kabisa, kama wa maziwa ya mtindi katika kibuyu kilichofukizwa. Mtu huyo ndiye mwonjaji, hata kama hajawahi kushika glasi yenye mguu. Lakini mitungi yake yote mitano ilikuwa na karatasi moja: “Asali ya Tabora”. Mti, wilaya na mwezi wa kulina vilibaki kichwani mwake. Tuna Chuo cha Ufugaji Nyuki hapa hapa mjini tangu 1978, na chama cha ushirika cha wafugaji nyuki tangu 1962, na bado asali ya mtundu inamwagwa ndani ya pipa moja na ya muba.

Na miti hiyo hiyo ndiyo tunayoikata kukaushia tumbaku. Sikuulizwa hilo, najua.

*Asali ikiganda, si ina maana imechanganywa na sukari?* (Wasomaji wasiohesabika)

Hapana, hapana, na hapana. Huganda kwa sababu ya glukosi yake ya asili. Iwekeni katika maji ya uvuguvugu itayeyuka, na majaribio ya kuchovya njiti ya kiberiti ndani yake kisha kuiwasha yaacheni. Ninyi mnaowalambisha watoto wachanga asali, acheni pia: haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

*Chupa ikishafunguliwa inakaa muda gani?* (Msomaji wa Ujiji)

Siku tatu hadi tano, imefungwa na iko kwenye jokofu, hata kama ni nyekundu.

*Nitajuaje kwamba mvinyo niliouziwa kama wa Dodoma ni wa Dodoma kweli?* (Mfanyabiashara, Urambo)

Geuza chupa. Jina kubwa la mbele ni tangazo. Habari ziko nyuma, kwa maandishi madogo. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), mahali ulipotiwa katika chupa, kilichotumika kuutengeneza, na kiwango cha kilevi, ambacho kwa mvinyo mkavu wa zabibu huwa karibu na asilimia 12 au 13. Ukikuta maneno kama “kinywaji chenye ladha ya zabibu”, hapo umenunua ladha. Mwaka wa mavuno ukiandikwa ni heshima kwa mnunuzi. Pale Ipuli nilimuuliza kijana mmoja mwaka wa mavuno ya chupa aliyokuwa akinisifia, akanijibu kwamba ni ya mwaka huu, kisha akaitazama, akasema labda ya mwaka jana, kisha akasema mvinyo hauna mwaka. Nikairudisha mezani kwake, nikaenda kununua mtungi wa nne wa yule mzee, ule wenye moshi.