Tisheti iandikwe TUMEOKOKA, TUMEOKOLEWA au TUTAOKOKA?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi naprinti tisheti hapa Chumbageni, Tanga. Kwaya moja wamenipa oda, mgongoni iandikwe TUMEOKOKA, advansi nimeshapokea, sasa wamegawanyika wenyewe kwa wenyewe. Mzee mmoja anasema hilo ni kosa la Kiswahili, mtu haokoki mpaka afike mwisho, iandikwe TUTAOKOKA. Dada mmoja anasema ukiamini ni papo hapo na -me- ndo ushahidi kwamba jambo limeshakwisha. Juzi kaja wa tatu anataka TUMEOKOLEWA. Kisarufi nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole na hiyo oda. Mi ni Muislamu wa Ngamiani, kwenye ugomvi wa kwaya sina kura, ila Biblia ya Union ya mwaka 1952 ninayo kabatini miaka mingi kwa ajili ya Kiswahili chake, basi nimeitoa nikaipangusa vumbi.

Wote watatu Kiswahili chao ni kizuri, na hakuna hata mmoja atakaemshinda mwenzie kwa sarufi. Nianze na dada maana hoja yake ndo naisikia sana. Anasema -me- maana yake limekwisha, hapo kapatia nusu. Kazi ya -me- ni kusema kuna jambo limetokea na hali yake ipo mpaka sasa hivi ninapoongea, basi, ya kesho haiyasemi. Ukipiga simu nyumbani ukaambiwa "baba amelala" unajua alijilaza na bado yuko usingizini, wala huna wasiwasi kwamba ataamka. Ukiambiwa "baba amekufa", -me- ni ileile, herufi mbili zilezile, ila hapo unaanza kutafuta nauli ya msiba. Tofauti imetoka wapi? Imetoka kwenye kulala na kufa, yani kwenye vile tunavyoyajua mambo yenyewe, -me- haikuongeza kitu. Kwahiyo la kuuliza ni kama kuokoka ni jambo la kutenguka au la kutotenguka, na hilo sarufi hailijui, wanalijua wenye dini yao, na wao wenyewe hawajaelewana. Waprotestanti wafuasi wa Calvin walikaa sinodi, yani mkutano mkuu wa kanisa, kule Dort Uholanzi mwaka 1618 mpaka 1619 wakasema aliyeokolewa kweli Mungu humshikilia hadi mwisho. Wakatoliki kwenye Mtaguso wa Trento, mkutano wa maaskofu wao, mwaka 1547, walishasema neema inaweza kupotea kwa dhambi ya mauti. Walutheri, wamejaa hapo juu Usambara, wanalo Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani yao, linalowakataa wanaosema mtu akishahesabiwa haki hawezi tena kumpoteza Roho Mtakatifu. Na hao wote wanaweza kuivaa tisheti yako ya TUMEOKOKA bila kuvunja kanuni hata moja ya Kiswahili.

Mzee nae ana aya yake, naijua, Mathayo 24:13, mwenye kuvumilia hata mwisho ndiye atakayeokoka. Sawa. Lakini afunue na kurasa zingine za kitabu hichohicho: Waefeso 2:8 inasema mmeokolewa, 1 Wakorintho 1:18 tunaookolewa, Warumi 8:24 tuliokolewa, Warumi 5:9 tutaokolewa. Nyakati zote zimo, na sio mbwembwe za watafsiri, Kigiriki chenyewe cha asili hapo kinabadilisha nyakati hivyohivyo. Akisema -ta- peke yake ndo sahihi itabidi achane karatasi nyingi. Alafu hata -ta- yenyewe haimbebi sana. Kwenye Matendo 16:31 mlinzi wa gereza anaambiwa amwamini Bwana Yesu nae ataokoka, sasa -ta- ikija baada ya agizo haikupi saa, ni kama "kunywa dawa utapona", inaweza ikawa usiku huu inaweza ikawa baada ya mwezi. Dada atasema ni usiku uleule, mzee atasema ni siku ya mwisho, na -ta- imekaa kimya inawaangalia.

Huyu wa TUMEOKOLEWA ndo kaleta jambo la sarufi kweli. Okolewa ni kutendwa, ina mtendaji, unaweza kuongeza "na Yesu" ikakaa sawa. Okoka ni kutendeka, inaonyesha hali na mtendaji hayumo, kama "kikombe kimevunjika", anavyosema mtoto aliyekivunja. Ukifuata hivyo, anaehubiri kwamba wokovu ni neema tupu na binadamu hachangii kitu alitakiwa aipende okolewa kuliko okoka. Mbona wanaohubiri hivyo ndo hao hao wanaosema "nimeokoka" asubuhi na jioni? Kuna historia hapo. Uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini kule Rwanda, na Uganda, miaka ya 1930 ulisambaa Afrika Mashariki ukiwa umebeba maneno ya Kiganda, balokole ndo hawa tunaowaita walokole, na kitenzi chao kinafanana na okoka yetu kama ndugu wa tumbo moja. Neno likaja na watu wake, likakaa. Na watafsiri wa Biblia hawakubana sana, maana hiyo "atakayeokoka" ya Mathayo na "utaokoka" ya Matendo kwa Kigiriki ni kutendwa zote, wangeweza kuandika ataokolewa na utaokolewa. Kwahiyo asitokee mtu akajenga fundisho juu ya -k- na -w- za Kiswahili, atajenga kwenye mchanga. (Ila ile Warumi 5:9 usije ukaiprinti, inasema tutaokolewa na ghadhabu, "na" hapo ni ya kutokana, kijana wa leo ataelewa ghadhabu ndo mwokozi.)

Kinachonivutia mimi ni vile watu wanavyolitumia neno mtaani, bila kufikiria. Mtu akisema "fulani ameokoka" anamaanisha hivi sasa, pombe kaacha, ibadani anaonekana. Akisema "fulani aliokoka", we subiri tu, kuna "lakini" inakuja. Na "alikuwa ameokoka" ndo habari imeishia hapo, waja leo waondoka leo kama tusemavyo Tanga. Hiyo -li- inauma! Wale wa wokovu wa mara moja na milele wanaikwepa kwa kusema "hakuwa ameokoka kweli yule", na Kiswahili kinawaruhusu pia. Alafu angalia ukanushi. Mhubiri akiuliza "umeokoka?" jibu ni "bado" au "sijaokoka", ile -ja- inaacha nafasi kwamba huenda siku moja. Hakuna anaejibu "sikuokoka". Mvuvi wa Sahare akisema "siku ile mashua inazama mi sikuokoka", we kimbia, unaongea na maiti.

Na hapo kwenye mashua, sisi watu wa pwani okoka tumeijua baharini kabla ya kuisikia kanisani. Mtu akivutwa kutoka majini watu wanapiga kelele "ameokoka ameokoka" wakati bado anatapika maji ya chumvi na haijulikani kama ataiona kesho. Anaetaka kuona neno hili likifanya kazi zake zote mbili kwa pamoja asome Matendo sura ya 27, merikebu ya Paulo kwenye dhoruba. Malaika kashamwambia Paulo kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri nae, hakuna atakaepotea, yani ahadi imeshatoka. Mistari michache mbele mabaharia wanashusha mashua kwa siri watoroke, na Paulo huyohuyo anamwambia akida na askari kwamba hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka. Askari wakakata kamba, mashua ikaenda zake. Ahadi imo na sharti la kukaa ndani limo, kwenye sura moja, na mwandishi wala hakuona kama kuna kitu cha kueleza. Dada na mzee wako wamegawana merikebu hiyo moja, kila mtu kachukua mbao zake.

Kosa la kweli ninalolisikia kwenye shuhuda ni "nimeokoka mwaka 2009". Ukitaja mwaka, sema niliokoka mwaka 2009, au nimeokoka tangu 2009. Kuna mama mmoja nilimsikia kwenye spika akishuhudia, akasema "niliokoka nikiwa kidato cha pili na mpaka leo nimeokoka", -li- kwa siku yenyewe na -me- kwa hali aliyonayo. Nilitamani kumpa vema kwa kalamu nyekundu.

Sasa kazi yako. Kama ni mimi naprinti TUMEOKOKA kama oda ilivyokuja, ndo watu wanavyosema na inasomeka ukiwa mbali. TUMEOKOLEWA ni nzuri lakini ina herufi 11, kwenye mgongo wa saizi ndogo itakuminya. Mzee akikomaa mprintie yake ya TUTAOKOKA, herufi 9 kama ile nyingine, tofauti ailipie mwenyewe, na hela iliyobaki ichukue kabla hujawasha mashine. Ila tafadhali iwe neno moja. Nimeshaona tisheti zimeandikwa TUME OKOKA, nikadhani serikali imeunda tume mpya.