Faili langu la Marekani limekwama. Niache kazi au ningoje?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni nesi katika hospitali ya serikali huku Kilifi, mama wa watoto watatu. Nilifaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani, nikapata mwajiri Marekani, na ombi aliloniwekea likakubaliwa na USCIS, idara yao ya uhamiaji. Tarehe yangu ya foleni ni 6 Novemba 2023. Wakala aliniambia nitangoja mwaka mmoja tu, lakini mpaka leo nikiuliza naambiwa vuta subira. Juzi akanipigia kijana wa ofisini kwao, akasema nikitoa shilingi laki mbili faili litasukumwa mbele. Wodini nimeshaagana na wenzangu, na mume wangu ananihimiza niache kazi nishughulikie safari. Kifunguamimba wangu ana miaka kumi na tisa na nusu, nami nahofia asije akaachwa nyuma. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Laki mbili usizitoe. Naanza na hilo kwa sababu huyo kijana atapiga simu tena. Malipo halali ya kuharakisha yapo, hulipwa USCIS wenyewe, na kazi yake ni kufupisha ukaguzi wa ombi la mwajiri hadi siku 15 za kazi. Ombi lako lilishakubaliwa. Kilichobaki ni foleni, na hiyo hakuna wakala, mwajiri wala wakili awezaye kuisukuma.

Foleni yenyewe iko hivi. Kila mwaka Marekani hutenga viza za kuhamia kikazi zipatazo 140,000 kwa dunia nzima, na humo wamo pia wake, waume na watoto wa wanaoajiriwa. Sisi manesi tumewekwa daraja la tatu, EB-3, pamoja na watu wa fani nyingine nyingi, na daraja hilo hupata kama 40,000. Mwaka wao huanza tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo ikifika Julai au Agosti viza huwa zimepungua sana. Wizara yao ya Mambo ya Nje hutoa jedwali la tarehe kila mwezi; tarehe yako ya foleni ikiwa ya nyuma kuliko iliyoandikwa humo, zamu yako imefika. Usilitafute jina la Kenya humo, tuko kwenye safu ya nchi nyingine zote. Na majedwali ni mawili: moja huonyesha nani anaweza kupewa viza, la pili huonyesha nani aanze kulipa ada na kupeleka karatasi kwa NVC, kile kituo chao cha viza. Wengi wetu huiona barua ya NVC tukadhani ndiyo tiketi.

Mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa hospitali ya binafsi Mombasa, tarehe yangu ikiwa ya Januari 2022. Juni 2023 nikaandika barua ya kuacha kazi, Julai nikaitwa mahojiano ubalozini Gigiri. Afisa akakubali kila kitu isipokuwa barua ya mwajiri, ambayo ilikuwa imepitwa na wakati. Mwajiri alichukua wiki tatu kuandika nyingine. Ilipofika, Agosti ilikuwa imeingia na jedwali lilikuwa limerudi nyuma mpaka 1 Mei 2020. Nilikaa hadi Januari 2024, jedwali lilipofika 1 Agosti 2022. Miezi yote hiyo nilifanya zamu za usiku za kulipwa kwa siku, leo napata, kesho sipati, na kodi ya nyumba haingoji. Kipimo cha afya nacho kikaisha muda, nikalipia kingine. Sitaki upite njia hiyo, mdogo wangu, nakuomba.

Basi kazi usiache mpaka pasipoti irudi mkononi ikiwa na viza ndani. Mwambie mume wako kwamba mshahara wako ndio unaolisha safari yenyewe. Leseni yako ya Baraza la Wauguzi ilipie kwa wakati kama mtu asiyekwenda popote. Wale uliowaaga wodini hawatakucheka, na wakicheka, mwisho wa mwezi utalipwa vilevile.

Mwajiri mwandikie kila baada ya miezi mitatu, umuulize kama nafasi ingalipo, na miadi ya ubalozi ikitoka tu umwombe barua mpya siku hiyohiyo. Kipimo cha afya usikifanye kabla ya kupata miadi, kwani kwa kawaida hudumu miezi 6 tu. Angalia pia VisaScreen, cheti chako cha kuthibitisha masomo na leseni kwa ajili ya viza, ambacho hudumu miaka 5. Na mwajiri akijitoa, usilie kwamba umerudi mwanzo. Ombi likishakubaliwa, tarehe ya foleni kwa kawaida hubaki kuwa yako, na mwajiri mwingine akikuwekea ombi jipya unaendelea kuitumia. Mawakala wengi hawalisemi hili, kwa sababu nesi anayelijua hatishiki.

Sasa mtoto. Mpaka wake wa kuhesabiwa mtoto kwenye faili lako ni miaka 21, lakini ipo sheria inayompunguzia umri. Huchukuliwa umri atakaokuwa nao siku lile jedwali la kwanza, la kupewa viza, litakapoifikia tarehe yako, zikatolewa siku zote ambazo ombi la mwajiri lilikaa kabla ya kukubaliwa. Likiwa lilikaa miezi saba, mwanao ana miezi saba ya ziada. Likiwa lililipiwa haraka likapita kwa wiki tatu, ana hizo wiki tatu tu. Zamu ikifika, hatua za viza yake zianzwe ndani ya mwaka mmoja, naye awe hajaoa wala kuolewa. Hilo la ndoa mwambie waziwazi, najua nyumbani kwetu posa haichelewi.

Mwombe wakala nakala ya barua ya USCIS ya kukubaliwa kwa ombi. Ni haki yako uwe nayo, asikuzungushe. Juu yake utaona tarehe ombi lilipopokelewa na tarehe lilipokubaliwa. Hesabu siku zilizo katikati, kisha niandikie uniambie ni ngapi, pamoja na siku aliyozaliwa mwanao. Tutapiga hesabu pamoja kabla hujalipa wakili yeyote.