Tunapiga makasia haraka kuliko wao, mbona wanatuacha?

Swali: Shikamoo kocha. Sisi ni vijana wanne wa hapa Matema, tuna boti ya mbao ya makasia na huwa tunashindana na wenzetu. Tunapiga kama mara 38 kwa dakika, wao 28 tu, na bado wanatuacha. Tuongeze kasi au tatizo ni boti?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Boti iacheni kwanza. Spidi ni vitu viwili unavizidisha, mipigo kwa dakika na umbali boti inaokwenda kwa kila mpigo. Tuseme mpigo wao unawapa mita 5, mara 28 ni mita 140 kwa dakika, wa kwenu unawapa mita 3 na nusu, mara 38 ni 133, yaani mmehema zaidi na bado mmeachwa. Halafu maji yanazidi kukuzuia kadiri unavyokimbia, ukitaka spidi ipande asilimia 10 tu unahitaji nguvu zaidi kwa karibu theluthi, sasa nguvu hiyo mkiimwaga hovyo mtaitoa wapi nyingine?

Mnapoimwaga sana ni pale kasia linapoingia majini. Mmoja asimame ufukweni aangalie bapa tu, ile sehemu pana ya kasia. Maji mengi yakirukia mbele ya boti, hapo mmefunga breki. Yakirukia nyuma, mmeanza kuvuta kabla bapa halijazama na kipande cha mpigo kimeishia hewani. Bapa lizame lote basi, msichimbe chini. Boti yenu ina benchi lisilosogea, sio kama zile za Olimpiki zenye kiti cha magurudumu, kwa hiyo sukuma kwa miguu, fungua kiuno mgongo ukiwa umenyooka, mikono ije mwisho kabisa. Wengi wanavuta kwa mikono toka mwanzo, mikono inachoka mapema sana!

Kurudi sasa, yaani kuinama tena kufuata mpigo mwingine, hapa nasisitiza. Mkijirusha kurudi kwa pupa halafu mkasimama ghafla, uzito wenu wote unaisukuma boti nyuma. Vuta kwa nguvu, rudi taratibu, iacheni iteleze.

Kesho asubuhi kabla ya upepo anzeni na mipigo 20 kwa dakika. Hata wa Olimpiki wanaoshindana kwa 36 hadi 40, mazoezi yao mengi ni 18 hadi 20. Kasia likitoka linaacha duara la maji yanayozunguka, angalia nafasi kati ya duara lako na linalofuata. Pandeni 22, 24, 26, siku mkiona nafasi inapungua sana ndo mwisho wenu wa siku hiyo, shukeni mbili.

Na benchi la nyuma kabisa, ambalo wote mnaliona kwa sababu mnapiga mkiwa mmeelekeza mgongo mnakoenda, mwekeni asiye na papara hata kama sio mwenye misuli, maana wote mtamfuata yeye.