Nyota zote kwenye simu, lakini mia tano kaibadilisha kwa mia tatu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka mitano na nusu. Kwenye simu yangu kuna programu ya kufundisha watoto kuhesabu pesa, na amemaliza ngazi zote kwa nyota tatu tatu. Jumamosi nilimpa sarafu ya mia tano. Akabadilishana na mtoto wa jirani, akapewa sarafu tatu za mia mia, akaja mbio kuniambia amepata nyingi! Sasa kwenye grupu la wazazi wa darasa lake wametuma tangazo la programu nyingine ya kulipia, shilingi 25,000, wanasema mtoto atajua pesa ndani ya wiki mbili. Ninunue? (Mama, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mama. Usinunue. Na kama ulimgombeza binti, mwombe radhi, maana hesabu yake ilikuwa sahihi. Sarafu tatu ni nyingi kuliko moja. Amefanya kile kile tulichomfundisha tangu chekechea: gusa kila kitu mara moja, namba ya mwisho ndiyo idadi.

Pesa inamtaka aiache kanuni hiyo. Kitu kimoja kinasimama badala ya vitano, na hakuna anachokiona kwenye ile sarafu cha kumwonyesha hivyo vitano viko wapi. Ni hatua kubwa kichwani mwa mtoto. Wengine wanaivuka wakiwa na miaka sita, wengine saba, na wote wako sawa.

Kinachonichosha ni hizo nyota. Karibu kila wiki mzazi ananiwekea simu mezani: "Mwalimu, ona, amefaulu zote." Mimi huvuta droo, naweka sarafu moja ya mia tano upande huu na sarafu nne za mia upande ule, namuuliza mtoto: zipi zitanunua maandazi mengi? Mkono unakwenda kwenye zile nne. Mzazi anaduwaa. Lakini mkae mmtazame mtoto anavyocheza. Anagusa sarafu, simu inalia vibaya. Anagusa nyingine, inalia vibaya. Anagusa ya tatu, muziki unapigwa, nyota zinamwagika. Amejifunza kutafuta muziki. Kubahatisha hakumgharimu kitu, na dukani kunamgharimu andazi.

Halafu ni pesa ya nani anayoihesabu humo? Nyingi ya programu hizi zimetengenezwa kwa sarafu za Marekani. Kule sarafu ya senti 10 ni ndogo kwa umbo kuliko ya senti 5, kwa hiyo watoto wao wanahitaji mazoezi mengi wasidanganywe na ukubwa. Wana robo dola pia, ndiyo maana mtoto anakaririshwa kwenda ishirini na tano, hamsini, sabini na tano. Wa kwako ana hamsini, mia, mia mbili yenye simba na mia tano yenye nyati. Anahitaji kwenda mia mia na mia mbili mbili, na kwa Kiswahili, maana mwenye genge hatamwambia "five hundred". Atamwambia "jero", na siku nyingine "buku jero", na mtoto lazima ajue hapo anadaiwa elfu moja na mia tano.

Fanya hivi. Tandika mkeka. Weka sarafu ya mia tano, na chini yake apange sarafu tano za mia, mwenyewe, kwa mkono wake. Kisha yeye awe mwenye duka, andazi mia mbili. Mpe ile mia tano akurudishie chenji, wala asihangaike na kutoa. Aanzie kwenye bei: "mia mbili", anaweka sarafu ya mia kiganjani mwako, "mia tatu", nyingine, "mia nne", nyingine, "mia tano". Hivyo ndivyo wauzaji wengi wanavyorudisha chenji, na mtoto anaona kwa macho mahali pesa zilipoishia. Dakika kumi jioni zinatosha. Siku hizi tunalipa kwa simu mpaka mchicha, mtoto anaona mama anabonyeza tu. Kwa hiyo lipa taslimu makusudi ukiwa naye, mwache ashike yeye.

Sasa kuhusu hao wa wiki mbili. Hawajamwona binti yako, hawajui amefika wapi, na wameshataja siku atakayomaliza. Matangazo haya nayapata ya kila namna, mengine yanaahidi mtoto wa miaka mitatu. Wa miaka mitatu! Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na kadiri inavyopungua ndivyo bora. Wanaowauzia wazazi hofu hawakuambii hilo.

Wala usidhani neno "ya watoto" ni kinga. Mwaka 2014 Apple ilikubaliana na mamlaka ya biashara ya Marekani kurudisha si chini ya dola milioni 32.5 kwa wazazi, kwa sababu watoto walikuwa wakinunua vitu ndani ya programu bila wazazi kuridhia. Baadaye mwaka huo huo Google nayo ikakubali kurudisha si chini ya dola milioni 19. Mtoto anayeona mia tatu ni nyingi kuliko mia tano hawezi kujua kuwa ule mfuko wa sarafu za dhahabu unaong'aa kwenye skrini unalipiwa kwa pesa ya mama yake.

Kwa hiyo hata hiyo programu ya bure uliyonayo, ingia kwenye mipangilio ya malipo, weka namba ya siri kwa kila ununuzi, na tazama kama kadi yako au salio la simu limeunganishwa humo. Fanya leo, kabla hajaishika tena jioni.