Maswali ya Wasomaji: Nabashiri Nakosea, Dhamira Siioni

SWALI: Assalamu alaykum. Nasoma Kidato cha Tatu, Wete, Pemba. Mwalimu hutwambia tubashiri tunaposoma hadithi, kisha tutaje dhamira. Ubashiri wangu haushiki, na nikiandika "dhamira ni mapenzi" napata nusu ya alama. Wapi nakosea?

JIBU: Waalaykumu ssalam. "Mapenzi" ni mada tu. Dhamira ni kauli kamili: hadithi inasema nini juu ya hayo mapenzi? Ipime hivi: kama hakuna wa kuibishia, hujaifikia.

Ubashiri nao si ramli. Simama mara tatu: baada ya ukurasa wa kwanza, mgogoro unapochomoza, na kabla ya sura ya mwisho. Kila mara andika sentensi moja yenye "kwa sababu", na namba ya ukurasa ulikoitoa sababu hiyo. Chini yake acha mistari miwili, utairudia.

Tuseme kisa kinaanza hivi: Bi Time kaanika karafuu uani, majamvi mawili. Wingu limefunga. Majirani wamekaa barazani, kimya. Wengi mtaandika: mvua itaziharibu karafuu. Kumbe majirani wanakurupuka, wanazianua zote kabla ya tone la kwanza, na usiku kila mmoja anapiga hodi, kikapu mkononi. Ubashiri umeanguka, lakini usiufute. Rudi uone ulichokipita: wewe uliangalia wingu, mwandishi alikuwa akikuonesha kile kimya cha barazani. Dhamira imelala papo hapo: jirani anayekusaidia bila kuombwa huenda keshaweka bei. Wapo watakaoibishia, na vyema iwe hivyo.

Kinachoharibu zaidi ni kubandika methali kabla kisa hakijesha. Ukishaamua ni "mchimba kisima", kila mhusika utamwona na jembe. Tena, maneno ya mhusika, hata awe mzee wa busara, si lazima yawe msimamo wa mwandishi. Tazama kisa kinamfikisha wapi aliyeyasema.

Riwaya zilizosimama juu ya historia zina namna yake. *Kuli* ya Adam Shafi (1979) inahusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948, na anayeijua historia keshaujua mgomo kabla hajafungua kitabu. Hapo usibashiri kama watagoma. Bashiri nani atatangulia, nani atasita, na kinachomshika ni nini.